Mama wa Lira aliyekataa kurudishiwa binti yake peke yake

Tangazo la mtoto aliyepotea hufika mezani kwangu likiwa limeandikwa kwa haraka, pengine nyuma ya risiti ya mbolea. Nikiwa katibu wa msikiti hapa Tukuyu, ni wajibu wangu kuliingiza katika daftari na kulisoma baada ya swala ya Ijumaa. Husomwa Ijumaa mbili, ikizidi sana tatu. Kisha huja matangazo ya misiba, ya mchango wa mabati na ya mitihani ya madrasa, na jina la yule mtoto halitajwi tena ila nyumbani kwao.

Ndiyo sababu kisa cha mama mmoja wa Lira, kaskazini mwa Uganda, kimenikaa moyoni, ingawa yeye si wa dini yetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA, jeshi la Joseph Kony, walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's iliyopo Aboke, wakawachukua wanafunzi 139. Kulipokucha, makamu mkuu wa shule, mtawa wa Kiitaliano Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini kwa miguu akiwa na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen. Wakawafikia. Baada ya kumsihi sana kamanda wa kundi lile, waliachiwa wasichana 109. Waliobaki 30 aliwachagua kamanda mwenyewe. Sista aliomba ashikwe yeye badala yao, asikubaliwe.

Miongoni mwa hao 30 alikuwemo binti wa miaka 14, mtoto wa Angelina Atyam, muuguzi na mkunga wa mjini Lira.

Wazazi waliofikwa na msiba ule walianza kukutana kila juma. Mwanzoni walikutana kulia na kuomba tu, kisha wakaunda chama na kupaza sauti, si kwa ajili ya wale 30 peke yao, bali kwa maelfu ya watoto wa vijijini waliokwisha kuchukuliwa bila ya gazeti lolote kuwaandika. Mwaka 1998 Angelina alipewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Sauti ile iliwakera waasi, nao wakamletea ujumbe: anyamaze, arudishiwe binti yake. Akajibu kuwa wasichana wote ni binti zake. Ama waachiwe wote, ama asinyamazishwe.

Mimi ni baba wa watoto wawili wa kike. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na sithubutu kusema kuwa ningelitoa.

Wako wanaouliza: kwa nini wasichana hawakutoroka mapema? Swali hili huulizwa na mtu aliyeketi penye usalama. Aliyejaribu kukimbia na kukamatwa aliuawa, na mara nyingi watoto wenziwe ndio waliolazimishwa kumpiga hadi afe. Walivushwa mpaka wa Sudan, wakagawiwa kwa makamanda kuwa wake zao kwa nguvu, wakazaa huko. Tusiite jambo lile ndoa, kwani pasipo ridhaa wala walii hapana ndoa. Hata hivyo wako waliothubutu. Grace Akallo, mmoja wa wale 30, alitoroka mwaka 1997 baada ya miezi kama saba. Wengine walipata upenyo pale jeshi la Uganda lilipoingia Sudan mwaka 2002 na kuyatawanya makambi ya waasi.

Binti wa Angelina alitoroka Julai 2004. Alichukuliwa akiwa mwanafunzi, akarudi akiwa mama, baada ya miaka karibu minane. Wa mwisho kurudi alifika nyumbani mwaka 2009 akiwa na mtoto mchanga. Watano katika wale 30 walikufa huko huko.

Hapa ndipo penye mtihani wa familia. Wengi wa waliorejea kaskazini mwa Uganda walipokewa kwa vigelegele siku ya kwanza, kisha wakaanza kusikia minong'ono kisimani, na watoto wao wakaitwa watoto wa waasi. Wanachuoni wetu wamekwisha bainisha kuwa aliyelazimishwa hana dhambi, na kwamba mtoto habebi kosa la aliyemzaa. Haya tunayasomesha madrasani. Nimeshuhudia yakisahaulika barazani kabla chai haijapoa.

Angelina alikwenda kwa mama mzazi wa yule kamanda aliyemshika binti yake, akamwambia amemsamehe mwanawe. Mzazi atakayedai haki mahakamani sitamlaumu; sheria yetu imempa nafasi hiyo, na msamaha haulazimishwi mtu. Ila kwamba mama yule aliugonga mlango ule kwa miguu yake mwenyewe, hilo lanipa haya.

Nabii Yaaqub (a.s.) hakuacha kumtaja Yusuf hata wanawe walipochoka kumsikia na kuona kuwa majonzi yatamwangamiza. Juma lililopita nililirudia daftari letu nyuma kurasa nyingi. Lipo tangazo la binti aliyeondoka kijijini na mtu aliyeahidi kumpatia kazi mjini. Lilisomwa mara mbili. Nimezungumza na imamu, na familia yake imeridhia. Ijumaa hii tutalisoma tena.