Kutoka Malili Hadi Baharini: Soma Jina Kabla ya Kutuma Pesa

Ikifika Novemba, stori za Malili hubadilika. Kwenye vibanda vya chai kando ya barabara ya Mombasa, kwa kinyozi na kwenye makundi ya WhatsApp, swali huwa ni lile lile: Disemba tunaenda wapi? Na kwa wengi jibu ni moja tu. Pwani.

Si ajabu. Ukiishi Malili unaishi katikati ya safari za watu wengine. Nyuma yako, kilomita kama 60, iko Nairobi na foleni zake. Mbele yako, zaidi ya kilomita 400, iko bahari. Hapa jirani kuna Konza, mji wa teknolojia ambao serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili mwaka 2009 ili uujenge. Kwa hivyo mambo ya mjini tunayaona bila kuhamia mjini, na kila usiku mabasi ya Mombasa yanatupita hapa yakiunguruma. Lazima siku moja mtu atataka kupanda moja aone linakoenda.

Sisi kazi yetu ni pesa kwa simu, kwa hivyo likizo tunaiona kwa upande wa pesa. Na kuna jambo moja tungependa ulijue kabla hujafunga mkoba: pesa nyingi ya likizo haipotelei ufuoni. Hupotea wiki mbili tatu kabla ya safari, ukiwa bado nyumbani, wakati wa kulipia mahali pa kulala.

Picha ni nzuri, lakini nyumba ni ya nani?

Zamani Mombasa tuliijua kupitia redio na shangazi aliyeolewa huko. Siku hizi tunaijua kupitia simu. Unafungua Facebook au TikTok na mara unaona nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, mnazi umeinama na mtu anakunywa dafu. Chini kuna namba ya simu na bei nzuri sana.

Unapiga. Anayepokea ana adabu, anacheka, anakuita "boss". Anakutumia picha zaidi. Halafu inakuja ile sentensi: "Imebaki moja tu na kuna mtu mwingine anaiulizia. Tuma nusu sasa hivi nikushikie."

Tuchukue mfano. Marafiki wanane wa Malili wanataka nyumba kwa usiku tatu. Bei ni shilingi 8,000 kwa usiku, yaani 24,000 kwa jumla. Nusu yake ni 12,000. Wakigawana, kila mmoja anatoa 1,500, ambayo haionekani kuwa kubwa. Lakini 1,500 ndiyo nauli ya Madaraka Express daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa tangu ilipopanda Januari 2024. Nyumba ikiwa haipo, kila mmoja wao amepoteza tikiti nzima ya kwenda. Na yule aliyekusanya pesa na kubonyeza PIN ndiye atakayeulizwa. Hapo kinachoweza kuharibika ni urafiki wa miaka mingi, na chama chenyewe kinaweza kuvunjika.

Kwa nini pesa hiyo hairudi kirahisi

Wateja wengi hutuuliza: "Si mnaweza kuirudisha tu?" Wacha tueleze mambo yanavyofanya kazi.

Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya makosa ya namba. Ulitaka kumtumia mama, kidole kikateleza, pesa ikaenda kwa mtu usiyemjua. Ukitoa habari mapema na pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, inaweza kuzuiwa wakati jambo hilo linaangaliwa.

Tapeli wa nyumba ni kesi tofauti kabisa. Wewe hukukosea namba. Ulitaka kutuma kwake na ukatuma kwake. Mfumo ulifanya ulichouambia. Tena yeye hangoji: pesa ikiingia anaitoa kwa wakala au anaisukuma kwa namba nyingine hapo hapo. Kufikia jioni unapoanza kuwa na wasiwasi, akaunti haina kitu. Hakuna kilichobaki cha kuzuia.

Ndiyo maana kinga yako kubwa iko kabla ya pesa kutoka. Na kinga yenyewe ni jina.

Jina linakuambia nini

Unapolipa kwa simu, usiangalie namba peke yake. Namba yoyote inaweza kuandikwa kwenye tangazo. Jina ndilo linalotoka kwenye usajili.

Ukitaka kumtumia mtu pesa, skrini inakuonyesha jina alilosajili nalo laini kabla hujathibitisha. Ukilipa kwa namba ya till au paybill, linatokea jina la biashara. Watu wengi hulipita jina hili mbio kama vile ni tangazo. Simama hapo. Jiulize maswali matatu.

Kwanza, je, jina hili ndilo nililoambiwa? Kama umeongea na mwanamume anayesema anamiliki nyumba, na jina linalotokea ni la mwanamke usiyemjua, uliza. Atakwambia ni dada yake, ni mhasibu, ni laini ya ofisini. Inaweza kuwa kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kuuliza zaidi, na pesa ingoje.

Pili, kwa nini biashara inataka pesa kwenye laini ya mtu? Wako watu waaminifu wanaokodisha nyumba moja na hupokea pesa kwa laini yao ya kawaida. Hatuwezi kusema wote ni wezi. Lakini mahali panapojiita hoteli au kampuni panafaa kuwa na till au paybill yenye jina lake. Wakikwambia "till imeharibika, tuma kwa hii namba", usitume.

Tatu, haraka hii ni ya nani? Nyumba nzuri ya leo itakuwepo baada ya chai. Mtu anayekunyima hata dakika kumi za kuulizia anajua ukiulizia utagundua.

Mambo ya kufanya kabla ya kulipia nyumba

Omba video ya moja kwa moja. Si video iliyorekodiwa. Mwambie akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mlango wa jikoni, atoke nje akuonyeshe barabara. Picha za kuiba ziko tele kwenye intaneti, lakini ni vigumu kutembea ndani ya nyumba ambayo si yako.

Uliza leseni. Kwa sheria ya utalii ya mwaka 2011, biashara za malazi nchini husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mwenye leseni hukutumia bila kukasirika.

Tafuta mtu aliye karibu. Ni nadra mtu wa Makueni au Kitui kukosa binamu Mombasa, Mtwapa au Ukunda. Mtumie nauli ya boda apite hapo. Hiyo mia mbili ni bima ya bei rahisi kuliko zote.

Kama bado una shaka, lipa kidogo, au lipa ukifika. Mwenye nyumba akikataa, hujapoteza kitu. Pwani ina nyumba nyingi.

Na kama mnaenda kikundi, jina lililotokea kwenye skrini liwekwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya pesa kutoka, watu wawili walithibitishe. Macho manne huona zaidi ya mawili, na mweka hazina hatabeba lawama peke yake.

Nauli ya kurudi kwanza

Kutoka Malili una njia mbili za kawaida. Unaweza kungoja basi barabarani, au uende upande treni. Ile treni inayosimama njiani husimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani kabla ya kuingia Mombasa. Kwa mtu wa Malili, Emali iko upande unaokwenda, kwa hivyo hurudi nyuma. Beba kitambulisho chenyewe. Utakihitaji kwenye treni, na pia kwa wakala ukitaka kutoa pesa.

Tunachosisitiza ni hiki: lipia tikiti ya kurudi siku ile ile unayolipia ya kwenda. Wakati wa sikukuu nauli za mabasi hupanda na tikiti za treni huisha mapema. Mtu aliyebaki na mia tatu kwenye simu tarehe 2 Januari pale Mombasa hana la kufanya ila kukopa, na mkopo wa simu una ada. Ndivyo Njaanuari inavyoanzia ufuoni.

Ukifika: chakula, madafu na pesa ndogo ndogo

Bahari yenyewe haina kiingilio. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, ni wa wananchi wote. Ukivuka Likoni kwenda Diani kwa miguu, feri hulipi. Gari ndilo hulipiwa. Kwa hivyo mtu akikwambia tuma pesa ya kuingia ufuoni au ya kuvuka na miguu yako, mpungie mkono uendelee na safari.

Pesa yako itaenda kwa tumbo, na hapo hatukulaumu. Sisi tuliolelewa kwa muthokoi na mbuzi choma tukionja mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai na ukwaju jioni, na samaki wa kupaka usiku, hesabu huanza kupotea. Pesa ndogo ndogo ndizo humaliza mtu: dafu hapa, kachiri pale, tuktuk mara mbili, picha juu ya ngamia.

Njia nzuri ni kugawa. Kila asubuhi amua pesa ya siku na uiache nyingine mahali pengine, kama akaunti ya akiba ya simu au benki. Ikiisha ya leo, imeisha. Pia kubaliana bei kabla ya huduma: kabla hujapanda ngamia, kabla hujaketi kwenye tuktuk, kabla mpiga picha hajabonyeza.

Kwenye kibanda chenye till, mwambie muuzaji akutajie jina la till yake, kisha ulinganishe na la kwenye skrini. Kuna watu hubandika stika yao juu ya ya mwenye duka, na muuzaji hajui mpaka jioni. Ukisoma jina unamlinda na yeye pia. Kulipa kwa till kwa kawaida hakumtozi mteja ada, lakini kutoa pesa taslimu kwa wakala kuna ada, na ukitoa kidogo kidogo mara tano unalipa ada mara tano.

Na simu yako isiingie baharini na wewe. Mwachie mtu mmoja azilinde zote, na PIN isiwe imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kava. Ikipotea, azima simu ya mwenzako upige huduma kwa wateja mara moja laini ifungwe. Usingoje kufika nyumbani.

Ikiwa tayari umetuma

Usione haya. Tapeli hufanya kazi hii kila siku. Wewe likizo unaipanga mara moja kwa mwaka. Fanya mambo manne, upesi. Pigia mtoa huduma wako na utoe namba ya muamala, kwa sababu kama kuna kitu kimebaki kwenye akaunti ile, kila dakika ni muhimu. Hifadhi jumbe, picha na tangazo; usifute kwa hasira. Nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB. Halafu waambie wenzako ukweli siku hiyo hiyo, wasije wakatuma nusu iliyobaki.

Jihadhari na wimbi la pili. Baada ya siku chache mtu anaweza kukupigia akisema anaweza kukurudishia pesa yako ukimtumia "ada ya kufungua". Sisi hatutozi pesa kwa laini ya mtu ili tukusaidie, na hatutakuuliza PIN yako kamwe.

Pesa kwa simu ilipoingia Kenya mwaka 2007, watu wengi waliitumia kutumia wazazi pesa kijijini. Mama ulimjua, na jina lake ulilijua. Leo tunalipa watu tusiowahi kuwaona, walio mbali na sisi, kwa sababu ya picha. Simu imefanya hilo liwezekane, na ndiyo sababu inakuonyesha jina kabla ya pesa kutoka. Lisome hadi mwisho, na kama hulitambui, bonyeza ghairi. Kughairi hakuna ada.

Mkifika, tuleteeni achari.