Waya Ukinyamaza, Pampu Isimame

Tangini ni kata ya Kibaha Mjini, mkoani Pwani. Kila nikilisikia jina hilo naona tangi la maji, kwa hiyo tangi ndilo litakalonisaidia leo kueleza kazi ambayo wengi hawaioni: kufunga kwa usalama vile visanduku vidogo vinavyoipa mashine ya kiwandani amri ya kuwaka na kuzima.

Ukanda huu unaishi kwa pampu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi uliongezewa uwezo kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa siku, na maji yake husukumwa kufuata Barabara ya Morogoro kuja Kibaha na kuelekea Dar es Salaam. Mengine hupandishwa kutoka Kibamba hadi kwenye vilima vya Kisarawe. Viwanda vya Kibaha navyo vina matangi yao, moja ardhini na jingine juu ya mnara, ili kazi isisimame siku bomba likikauka. Kati ya matangi hayo mawili kuna pampu. Zamani aliiwasha mlinzi, akaizima akisikia maji yanamwagika. Siku hizi kazi hiyo imepewa PLC.

PLC ni kompyuta ngumu ya kiwandani. Ilizaliwa Marekani baada ya kampuni ya General Motors, mwaka 1968, kutaka kitu cha kuondoa kuta nzima za rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, katika viwanda vyake. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakatengeneza Modicon 084, ikaitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84. Siku hizi muundo wake wa kawaida ni huu: ubongo mmoja, na kando yake moduli zilizopangwa kwenye reli ya chuma yenye upana wa milimita 35. Moduli za inputi ni masikio. Moduli za autiputi ni mikono. Zikiitwa za kidijitali, maana yake zinajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana.

Kwenye tangi letu la juu, sikio limeunganishwa na swichi ya boya. Boya likiwa chini, swichi inapitisha umeme wa volti 24, nayo moduli inasikia “ndiyo”. Boya likipanda, swichi inakata, moduli inasikia “hapana”. Kwa moduli za Aina ya 1 za kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-2, volti 15 na zaidi husomwa ndiyo, volti 5 na chini husomwa hapana. Katikati ya hapo hakuna ahadi yoyote. Skrubu iliyolegea au maji yaliyoingia kwenye kisanduku cha maungio vinaweza kuishusha ishara hadi volti 9, na moduli ikajibu hivi asubuhi na vile jioni. Fundi atahangaika na programu wiki nzima wakati ugonjwa uko kwenye skrubu. Ndiyo maana mtengenezaji huandika skrubu ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na waya wenye nyuzi nyingi uvishwe kikofia cha chuma kwenye ncha kabla ya kufungwa. Uzi mmoja uliobaki nje unatosha kugusa waya wa jirani.

Sasa nifike kwenye swali ambalo ningependa kila mwenye kiwanda amuulize fundi wake: waya wa boya ukikatika, pampu itafanya nini?

Swichi hiyo ya boya inaweza kufungwa kwa namna mbili. Fundi anaweza kuifunga ili ipeleke umeme tangi likijaa, yaani ndiyo ikimaanisha “limejaa, zima”. Au aifunge kama nilivyoeleza, ndiyo ikimaanisha “nafasi ipo, jaza”. Siku ya makabidhiano zote mbili zinafanya kazi sawasawa, wala huwezi kuzitofautisha kwa macho. Tofauti inakuja siku panya anapoutafuna waya. Katika namna ya kwanza moduli haitasikia tena neno “limejaa”, na pampu itaendelea kusukuma usiku kucha, maji yashuke mnara na kuingia chumba cha umeme. Katika namna ya pili ukimya unasomwa hapana, pampu inasimama, na asubuhi watu wanalalamika kwamba hakuna maji. Malalamiko hayo ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Boya la tangi la chini lifungwe vivyo hivyo: ndiyo imaanishe “maji yapo”, ili waya ukikatika pampu isizunguke kavu hadi kuungua.

Kanuni hii ina mpaka wake, nao ni muhimu. Pampu ya zimamoto haitakiwi kusimama eti kwa sababu waya mmoja umekatika wakati jengo linawaka. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, fundi ajiulize ni lipi baya zaidi hapa, mashine kusimama au mashine kuendelea. Kwenye mashine nyingi za kiwandani, msumeno, mkanda wa kubebea mizigo, mashine ya kukandia, jibu ni kuendelea.

Upande wa mikono una hatari zake. Autiputi ya rilei ni kiswichi kidogo ambacho mara nyingi hubeba ampia 2 hivi, na ile ya transista mara nyingi nusu ampia. Haviwezi kuendesha pampu. Vinaamsha koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo wa mota. Koili hiyo ina tabia ya ukaidi: ukiikatia umeme ghafla, inajibu kwa pigo la mamia ya volti, ingawa yenyewe ilikuwa ya volti 24 tu. Pigo hilo linatoboa transista na kuchoma ncha za rilei. Dawa yake ni dayodi ndogo inayofungwa sambamba na koili ya umeme wa moja kwa moja, au kizimio cha rezista na kapasita kwa koili ya umeme wa mkondo geu. Ni kitu cha bei ndogo sana, na nimefungua paneli nyingi mno nisikikute.

Ncha za rilei zikishaungua zinaweza kugandana. Hapo programu inasema zima, taa ya moduli inazimika, na pampu inaendelea. Ndiyo sababu nasisitiza boya la tatu, la mafuriko, lifungwe moja kwa moja kwenye njia ya koili ya kontakta bila kupitia PLC kabisa. Kitufe chekundu cha kusimamisha kwa dharura ni zaidi ya hapo. Kisiachwe mikononi mwa inputi ya kawaida na programu ya kawaida. Kikate umeme wa koili chenyewe, au kipitie rilei maalumu ya usalama. Na pale ambapo mkono wa mtu unaweza kunaswa, kontakta ziwe mbili zinazofuatana, ili moja ikigandana nyingine ikate.

Watu husikia volti 24 wakadhani kazi hii ni ya kuchezea. Niliwahi kudhani hivyo, na nina kisa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunabadilisha moduli ya autiputi kwenye kiwanda kimoja. Kijana niliyekuwa naye alizima swichi kuu ya paneli, taa zote zikafa. Akaniambia, “Kaka, nimeua meni, tuko salama.” Nikaitikia bila kuinua kichwa kwenye mchoro. Alipoingiza bisibisi kwenye autiputi ya nne alirushwa kutoka kwenye stuli. Autiputi ile ilikuwa ya rilei, na waya ulioingia humo ulikuwa na volti 230 kutoka paneli ya jirani, ambayo hatukuizima kwa sababu hatukujua inahusika. Vidole viwili viliungua, bega likateguka, na namshukuru Mungu hayakuwa zaidi ya hapo. Mchoro wa waya niliokuwa nausoma ulikuwa umeuonyesha waya ule. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Kwa hiyo, kuzimwa kwa paneli hakumaanishi kwamba kila kilichomo kimekufa. Kuna umeme wa TANESCO, wa jenereta inayojiwasha yenyewe, wa betri za akiba, na huo wa kuazima kutoka paneli nyingine. Kila chanzo kitafutwe kwenye mchoro na kwa macho, kizimwe, kipigwe kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi, pamoja na kibao chenye jina lake. Kisha apime. Testa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi. Achukue mita, aijaribu kwanza mahali anapojua pana umeme, apime kila waya atakaougusa, halafu arudi kuijaribu tena mita yenyewe pale pa mwanzo, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Paneli ikiwa na kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, asubiri dakika zilizoandikwa juu yake. Kapasita za ndani hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Na moduli isichomolewe wala kuchomekwa ikiwa na umeme, isipokuwa kitabu chake kinasema wazi kwamba inaruhusiwa.

Jingine linalowasumbua mafundi wetu linatokana na mashine kuja kutoka pande nyingi za dunia. Sensa zenye waya tatu kwa kawaida zina rangi zilezile: kahawia chanya, bluu hasi, nyeusi ishara. Lakini ndani zipo za aina mbili. PNP hutoa umeme kwenye waya mweusi, ndiyo iliyozoeleka Ulaya. NPN huuvuta kuelekea hasi, nayo imezoeleka zaidi katika mashine za Asia. Moduli inayotarajia moja haitaisikia nyingine. Nimeona mafundi wakiitupa sensa nzima wakidhani mbovu. Kuna hatari pia: kwenye mpango wa NPN, waya wa ishara uliochubuka ukagusa chuma kilichounganishwa na hasi na ethi husomwa ndiyo, yaani ajali inajifanya ruhusa. Kwa mpango wa PNP mguso huohuo unanyamazisha ishara au kukata fyuzi. Mwenye nafasi ya kuchagua achague PNP.

Volti 24 na volti 230 zisichanganywe kwenye kundi moja la moduli, wala nyaya zake zisilazwe pamoja kwenye tranki moja. Kebo ndefu ya ishara ikitembea ubavuni mwa kebo ya mota huokota umeme wa kizuka unaoweza kuamsha inputi ambayo swichi yake haipitishi umeme. Ziachwe mbali, sentimita 20 au zaidi, na zikilazimika kukutana zipishane kama msalaba.

Hali ya hewa ya Pwani nayo ina neno lake. Moduli nyingi zimetengenezwa kuvumilia hewa ya nyuzijoto 55 au 60, na sanduku la chuma lililofungwa ukutani upande wa jua la saa tisa alasiri linaweza kulikaribia joto hilo. Liwekwe kivulini, na nafasi ya hewa iachwe juu na chini ya moduli kama kitabu kinavyotaka. Kila tundu lisilo na kebo lizibwe; mjusi akikauka juu ya ncha mbili za umeme amekuwa waya. Na kwa kuwa boya liko juu ya mnara, radi za masika hushuka kupitia kebo yake hadi kwenye moduli. Kinga ya mawimbi ya umeme ifungwe pale kebo inapoingia kwenye paneli, na waya wake wa ethi uwe mfupi na mnene.

Sheria ipo. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda walio kazini kwake. Lakini mkaguzi haji kila siku, na leseni haionyeshi boya limefungwa namna gani.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwenye kiwanda, mwenye hoteli, mwenye shamba la umwagiliaji, yeyote mwenye tangi na pampu inayojiendesha isiyo ya zimamoto. Siku ya makabidhiano, pampu ikiwa inafanya kazi, mwambie fundi, “Naomba uchomoe waya mmoja wa boya nione.” Akishapima na kuhakikisha ni waya wa volti 24, kazi yenyewe ni ya nusu dakika. Pampu isiposimama, usisaini.