Kuweka Programu Kuu ya Kompyuta: Pa Kuharakisha na Pa Kusimama



Baadhi ya vikundi vyetu sasa vina kompyuta ya kuwekea hesabu, mara nyingi ile iliyokwisha kutumika na wengine. Kila kompyuta ina programu kuu, yaani ile inayoamka kwanza ukiwasha mashine na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Windows ni mojawapo. Ubuntu ni nyingine, nayo hutolewa bure. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Basi kikundi kinajikuta kikihitaji programu kuu mpya. Je, ni lazima kumlipa fundi?

Zamani ilikuwa lazima. Chukua Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Fundi alitia sidi, mashine ikaanza kunakili faili moja baada ya nyingine. Halafu katikati ya kazi ikasimama na kuuliza: uko nchi gani? Jina lako? Namba ya kibali? Kama fundi ameenda kunywa chai, mashine ilimngoja tu. Muda ulipotea kwa sababu hakukuwa na mtu wa kujibu, wala si kwa uzee wa kompyuta.

Ubuntu nayo haikuanza vizuri zaidi. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu), na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Kuliweka kulifanyika kwa skrini ya maandishi matupu. Vifurushi vya programu vilifunguliwa kimoja kimoja, mashine ikajizima na kuwaka tena, kisha ikaendelea kufungua. Mgeni angekata tamaa mapema.

Mabadiliko yalikuja Juni 2006, na toleo la 6.06. Sidi moja ilitosha kuwasha kompyuta na kuijaribu bila kugusa diski ya ndani. Ukiridhika, unabonyeza picha ya kuweka. Na badala ya kufungua vifurushi, ilinakili mfumo uliokwisha kupangwa tayari. Ni kama tofauti ya kupanda mbegu na kupanda miche iliyokwisha kukua kitaluni.

Toleo la 10.10, la Oktoba 2010, liliongeza jambo ambalo kila mama wa jikoni analijua. Ukibandika maji hungoji yachemke ndipo uanze kuchambua mboga, sivyo? Waundaji walijiuliza: ni swali gani lazima lijibiwe kabla ya kunakili? Ni moja tu, yaani mfumo utakaa wapi kwenye diski. Hilo likaulizwa mapema, kunakili kukaanza, na mengine yakaulizwa kazi ikiendelea: mahali unapoishi, aina ya kibodi, jina na neno la siri. Mambo ambayo mashine inaweza kujionea yenyewe, kama nafasi ya diski na kama imechomekwa kwenye stima, iliyakagua mwanzoni bila kusumbua mtu.

Lakini lile swali la diski, ndugu zangu, ndilo la kusimama. Mojawapo ya majibu ni kufuta diski yote. Ukilichagua na kuthibitisha, daftari la mikopo, orodha ya wanachama na barua zote za kikundi zinaondoka. Wako wanaosifu programu ya kuweka kwa kuhesabu mara chache za kubonyeza. Mimi naona hapo mbonyezo mmoja zaidi wa kuuliza "una hakika?" ni afadhali kuliko upesi wowote. Kwa hiyo kabla ya kuanza, nakili kumbukumbu zote kwenye flashi, kisha ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama faili zinasomeka kweli. Flashi hiyo akae nayo mwekahazina. Isiwe ile ile ya kuwekea mfumo, kwa sababu kuitayarisha nako hufuta kila kitu kilichokuwemo.

Siku hizi flashi imechukua nafasi ya sidi, lakini desturi ya kujaribu kwanza ingalipo. Itumie. Washa kompyuta kwa flashi, uangalie kama sauti inatoka, kama intaneti inashika, na kama printa ya kikundi inakubali kuchapa. Kitu kisipofanya kazi, zima tu, na ile ya zamani itakuwa bado ipo. Kama bando ni haba, weka bila intaneti, nyongeza zitaletwa baadaye. Na kama ni kompyuta ya mezani isiyo na betri, chagua saa ambayo stima haipotei-potei kwenu, maana ikikatika katikati ya kunakili mtalazimika kuanza upya.