Kutibu Moyo kwa Umeme Usiounguza

Mchimbaji mdogo wa Geita hutenga dhahabu na zebaki kwa moto. Mvuke wa zebaki hudhuru hata jirani. Tiba ya moyo kwa joto nayo ina hatari kama hiyo.

Umeme wa asili wa moyo ukivurugika katika vyumba vya juu, damu yaweza kuganda humo na kuleta kiharusi. Daktari hupitisha mrija mwembamba mshipani na kuunguza seli zinazovuruga. Lakini joto laweza kuenea hadi kwenye umio, ulio nyuma ya moyo.

Njia mpya, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2021 na Marekani mwaka 2023, hutumia mishindo mifupi mno ya umeme. Hutoboa utando wa seli za moyo zikafa. Umio na neva hustahimili zaidi.

Mwanafunzi wa Shinyanga, hesabu mapigo kifundoni mwa mkono: yasiyo na mpangilio yapimwe hospitalini.