Mulika Mwizi Imezimika, Faili Yake Iko Wapi?

Ukishuka kwenye steji ya 46 Kawangware jioni, mwanga unaokupokea ni wa vibanda: balbu ya mama wa chapati, kurunzi ya fundi viatu, taa za boda boda zinazosukumana kuingia Barabara ya Naivasha. Juu ya hayo yote kuna mlingoti wa chuma ambao watu wa Nairobi waliupa jina wenyewe, mulika mwizi. Ukiwaka, anayekaanga samaki chini yake huuza hadi saa nne. Ukizimika, hufungasha saa mbili, na hasara ya saa hizo mbili hakuna anayeiandika popote.

Swali la kwanza mtaani huwa moja: MCA wetu yuko wapi? Anayeulizwa ndiye, ila anachoulizwa sicho. Mwakilishi wadi hana ngazi, hana fundi wa stima, wala hana hundi ya kaunti. Kifungu cha 185 cha Katiba kinamtaka yeye na wenzake watunge sheria na waichunge serikali ya gavana. Mtaani tunamtaka alete taa, basari na mchango wa mazishi, kisha tunashangaa hajauliza swali hata moja kule bungeni.

Mazoea haya yana asili. Hadi 2013 Nairobi iliongozwa na baraza la jiji, na madiwani walikaa katika kamati zilizosimamia idara zenyewe. Diwani alikuwa mwenye mali na mkaguzi wa mali hiyo hiyo. Katiba ya 2010 ikawatenganisha: gavana na mawaziri wake wa kaunti upande huu, bunge la wadi 85 upande ule. Lugha haikuhama. Hadi leo utasikia wazee wakimwita MCA diwani, na wanamtarajia afanye ya diwani. Mwaka 2014 ikapitishwa sheria ya hazina ya ustawi wa wadi za Nairobi, ikamrudisha mwakilishi karibu na chungu. Msimamo wangu sifichi: mlinzi ukimpa sehemu ya mzigo aigawe mwenyewe, atakuwa macho kwa mgao wake na kusinzia mlangoni pa ghala.

Tuifuate basi pesa ya mlingoti mmoja. Kwanza ujue umesimama wapi, maana tunachokiita Kawangware kwa mazoea kimegawanyika katika wadi tatu, Kawangware, Gatina na Kabiro, zote katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini pamoja na Kilimani na Kileleshwa. Ukiuliza kwa jina la wadi isiyo yako utajibiwa kwa adabu kwamba mradi huo haupo.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini safari ya mlingoti huanza miezi kumi kabla, katika mpango wa maendeleo wa mwaka unaofikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Februari 28 ni siku ya mwisho ya taarifa ya sera ya fedha, inayoweka kiwango cha kila idara. Kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe huwa yamewasilishwa, na kabla ya Juni 30 bunge linapaswa kuwa limeyapitisha. Miezi hiyo miwili ya mwisho ndiyo wakati ambapo tarakimu bado ni mbichi. Baada ya hapo unafukuza gari lililokwisha kuondoka.

Nimewahi kuketi katika kikao cha kukusanya maoni ya bajeti, katika wadi ambayo sitaitaja. Kitabu cha makadirio, kinene kama kitabu cha nyimbo, kilikuwa kimoja tu, mezani pa afisa, tena kwa Kiingereza. Tulipewa soda na dakika tatu kila mtu. Vijana wakaomba ajira, mzee mmoja akaomba mitaro izibuliwe, kila ombi likapigiwa makofi. Kisha mama mmoja akasimama, leso begani. "Mheshimiwa, taa tuliiomba mwaka jana, hapa hapa. Mimi naomba tu unionyeshe iko ukurasa gani." Afisa akapekua, akapekua tena, akasema atafuatilia. Katika saa tatu za kikao, hilo ndilo swali pekee ambalo mkaguzi wa hesabu angelitia kwenye daftari lake.

Hata ukurasa ukipatikana, usishangilie bado. Katikati ya mwaka mapato ya kaunti, yaani ada za maegesho, kodi ya ardhi na leseni, yakikosa kufika yalikotarajiwa, serikali ya kaunti hurudi bungeni na bajeti ya ziada. Jina lenyewe linadanganya. Unasikia ziada, kumbe kuna mistari inayokatwa. Mlingoti uliopitishwa Juni unaweza kufutwa Machi kwa mstari mmoja, na pesa zake zikaenda kwingine kwa kura halali ya bunge. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyewaambia wanaongoja. Kwa hiyo mtu anayenijia na habari kwamba mradi "umeliwa", mimi humuuliza kwanza kama amesoma bajeti ya ziada.

Zabuni nitaipita haraka, kwa sababu magazeti huishughulikia vya kutosha. Dokezo moja tu: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu nyongeza za bei, zikijumlishwa zote, zipite asilimia 25 ya bei ya kandarasi ya mwanzo. Mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya kutupa huwa ameshapiga hesabu za nyongeza hizo, kwa hiyo bei ya siku ya kutia saini si ya kutazamwa peke yake.

Mahali ambapo ningemwomba kila mwakilishi wadi atie kambi ni kwenye hatua ambayo haina kelele. Sheria hiyo hiyo inadai kazi ikikamilika ipitiwe na kamati ya ukaguzi na upokeaji, maafisa wachache walioteuliwa kulinganisha kilichojengwa na kilichoandikwa. Wakiridhika hutia saini, na saini hiyo ndiyo hufungua mlango wa malipo. Tuseme kandarasi inataka taa nane, nyaya za unene fulani, na msingi wa zege wa kina fulani. Taa zilizofungwa ni sita, na msingi ni wa kina cha jembe. Mara saini ikishawekwa, mlingoti ule ni kamili mbele ya sheria hata kama upepo unautikisa. Kila atakayekuja nyuma, mhasibu, mkaguzi, hata mwanasheria, ataanzia kwenye karatasi inayosema ziko nane.

Karatasi hiyo kamati ya bunge inaweza kuidai. Kifungu cha 195 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti na kamati zake uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita shahidi na kumlazimisha alete nyaraka. Anachohitaji MCA ni kuiomba, kuikunja, kuitia mfukoni na kwenda nayo mpaka chini ya mlingoti, usiku. Taa usiku hata mtoto wa darasa la pili atazihesabu. Kamati inayozuru Kawangware saa tano asubuhi kukagua taa za barabarani imekuja kupigwa picha.

Taa ikijengwa vizuri bado inataka stima, na stima ina bili. Februari 2025 Kenya Power ilikata umeme City Hall ikidai takriban shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ikadai kampuni ndiyo yenye deni, la ada ya nguzo na nyaya zinazopita katika ardhi ya kaunti, na malori yakaja kumwaga taka mbele ya Stima Plaza, makao ya kampuni hiyo. Wengine walicheka, wengine wakaziba pua. Kilichonishughulisha mimi ni kwamba deni la ukubwa huo haliibuki usiku mmoja. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka ripoti ya matumizi kila robo mwaka, ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha. Mdhibiti wa Bajeti naye hutoa zake, na katika hesabu za kufikia mwisho wa Juni 2024 bili ambazo Nairobi haijalipa zilikuwa zimepita shilingi bilioni 100, nyingi kuliko za kaunti nyingine yoyote. Mkandarasi anayejua atalipwa baada ya miaka mitatu huitia miaka hiyo kwenye bei. Kijana wa Gatina aliyeshinda zabuni ndogo kwa mkopo wa chama hana ubavu huo. Yeye hufunga duka.

Mwisho wa foleni yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti, na bunge lina miezi mitatu baada ya kuipokea kuijadili na kuchukua hatua. Hizo ni tarehe za Katiba. Lakini kwenye vikao vya Kamati ya Uhasibu ya bunge la kaunti, mara nyingi utawakuta wajumbe wakihoji hesabu za miaka iliyopita, mbele ya afisa anayesema, kwa heshima zote, kwamba wakati huo yeye hakuwa katika idara ile. Pengine ni kweli. Nairobi ina shida ya ziada hapa, kwa sababu kuanzia 2020 hadi Septemba 2022 kazi kubwa za jiji, zikiwemo afya, uchukuzi na ujenzi, zilikuwa chini ya NMS (Nairobi Metropolitan Services), ofisi ya serikali ya kitaifa. Anayefuatilia mlingoti wa miaka hiyo aanze kwa kuuliza ni ofisi gani iliyotia saini.

Tena mwananchi hahitaji kumngoja MCA apate muda. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuliweka kwenye maandishi. Sababu ya kutaka habari si kigezo. Kuomba ni bure, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Jibu linapaswa kuja ndani ya siku 21, na lisipokuja kuna Tume ya Utekelezaji wa Haki ya kuipelekea malalamiko.

Barua yenyewe iwe fupi. Omba nakala ya kandarasi na cheti cha ukaguzi na upokeaji cha taa ya barabarani iliyoko mahali fulani, wadi fulani. Usimtukane mtu, usitaje chama. Chapisha nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukirudi Kawangware, tia duara siku ya 21 kwenye kalenda ya kibandani, ile uliyopewa bure na duka la unga.