Fahamu: Kwa nini kamera ya duka Kariakoo haifunguki moja kwa moja ukiwa Mbagala

Duka la Mtaa wa Msimbazi likitumia laini ya simu kwa intaneti, mara nyingi mwenye duka hawezi kuifikia kamera yake moja kwa moja akiwa nyumbani. Kamera haina kosa; shida ni anwani ambazo vifaa hutumia kufikiana kwenye intaneti. Za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazitoshi; AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linalozigawa barani Afrika, lilizidi kubana mgao Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa ghorofa wanaotumia sanduku moja la posta: kutuma barua ni rahisi, ila inayoingia bila kuombwa haijulikani iende chumba kipi. Ndiyo maana picha hupitia kwanza seva za mtengenezaji, pengine ng'ambo.

IPv6, mfumo mpya wa anwani uliozinduliwa rasmi 6 Juni 2012, una anwani zinazotosha kila kifaa. Tatizo, hauelewani moja kwa moja na IPv4, hivyo mitandao mingi huendesha yote miwili.

Ukinunua ruta, uliza kama inakubali IPv6 na kama ulinzi wake (firewall) umewashwa. Kamera inayofikika na yeyote, yenye nywila ya kiwandani, ni hatari kubwa kuliko isiyofunguka.