Wikendi gani ya tamasha inaufaa mwili wako?

Huenda una mtoto, ndugu au rafiki anayeishi Marekani, naye amekualika Aprili ijayo mwende pamoja kwenye tamasha la muziki la Coachella. Amekueleza kwamba mtakodi lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, yaani gari-nyumba, mlale humo siku zote tatu. Kisha anakuuliza: tununue tiketi za wikendi ya kwanza au ya pili?

Wengi hujibu swali hili kwa kuangalia nauli na likizo. Leo nakuomba uulize mwili wako kwanza.

Tamasha hili hufanyika Indio, mji ulio katika jangwa la kusini mwa California, kilomita 200 hivi kutoka Los Angeles. Lilianza Oktoba 1999, na joto la siku zile lilipita nyuzi 38. Liliporudi mwaka 2001 lilihamishiwa Aprili. Tangu mwaka 2012 hufanyika wikendi mbili zinazofuatana, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na kwa kawaida waimbaji ni wale wale. Hivyo basi hukosi mengi ukichagua moja badala ya nyingine, na afya yako inaweza kupewa kura ya uamuzi. Hata Beyoncé, aliyetarajiwa kupanda jukwaani hapo mwaka 2017, aliahirisha kwa ushauri wa madaktari kwa sababu alikuwa mja mzito. Alirudi mwaka 2018 na watu wakamshangilia.

Jambo la kwanza ni joto. Mchana wa Aprili mjini Indio hufikia nyuzi 30 na kitu, na siku nyingine hupanda zaidi. Mtu wa Nairobi, Nakuru au Eldoret hajazoea hali hiyo. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 za kukaa katika joto ndipo ujifunze kutoa jasho mapema, kutopoteza chumvi nyingi na kupunguza mapigo ya moyo. Wenzetu wa Mombasa na Garissa wana nafuu hapa, ingawa joto kavu la jangwa hukausha jasho kabla hujatambua kiasi cha maji unachopoteza.

Jambo la pili ni usingizi. Mwezi wa Aprili, saa za California ziko nyuma ya zetu kwa saa 10. Utasinzia mchana na kukodoa macho usiku, na huenda ikachukua wiki nzima kabla hujarudi katika hali yako. Mtu wa namna hiyo hafai kushika usukani wa gari-nyumba, hasa katika nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mwachie mwenyeji wako aendeshe.

Kwa hiyo usihesabu wikendi, hesabu siku tangu utakapotua. Ukifika California Jumatano, wikendi ya kwanza itakukuta na siku mbili tu. Ya pili itakukuta na siku tisa. Kwa mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mwenye presha, ugonjwa wa moyo, figo au kisukari, siku hizo saba za ziada ni kinga kubwa. Lakini zitumie ipasavyo. Ukijifungia siku nzima katika chumba chenye kipoza hewa, mwili haujifunzi chochote. Tembea nje kidogo kila siku, ukianza na nusu saa. Vilevile, ukiipitisha wiki hiyo kwa shangazi huko Minnesota, ambako Aprili bado kuna baridi, usingizi wako utatengenea lakini joto utalikuta likiwa geni.

Je, basi kila mtu achague wikendi ya pili? La. Ikiwa una pumu, fikiria tena. Majira hayo jangwani huvuma upepo wenye vumbi, na ifikapo wikendi ya pili nyasi za uwanja zimekwisha kukanyagwa na maelfu ya watu kwa siku tatu. Kwako wewe afadhali ufike mapema, uuzoeze mwili, kisha uende wikendi ya kwanza. Beba dawa yako ya kuvuta mfukoni, si ndani ya gari lililoegeshwa mbali na jukwaa, na ufunike pua na mdomo upepo unapovuma.

Vumbi hilo lina jambo jingine ambalo madaktari wetu hapa hulikuta kwa nadra. Katika udongo wa sehemu za California na Arizona kuna kuvu anayeingia mapafuni kwa pumzi. Wengi hawaugui kabisa. Wengine, wiki moja hadi tatu baadaye, hupata homa, kikohozi, uchovu na maumivu ya kifua. Watu wenye asili ya Afrika wamo miongoni mwa wale ambao ugonjwa huu unaweza kuwashika vibaya zaidi. Utakuwa umekwisha kurudi nyumbani, na dalili zako zitafanana na nimonia au kifua kikuu. Ukiugua hivyo, mwambie daktari wako waziwazi, "Nilikuwa California jangwani." Sentensi hiyo moja yaweza kukuepusha na miezi ya dawa zisizo zako. Ugonjwa huo hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, hivyo familia yako isiogope.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe. Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili. Je, kibali cha kuegesha ni cha wikendi ile ile ya tiketi zenu? Je, mahali mtakapoegesha pana umeme? Bila umeme, kipoza hewa kitategemea jenereta, na hapo ndipo penye hatari. Sote tunajua jinsi jiko la makaa linavyoua watu waliofunga madirisha msimu wa baridi. Moshi wa jenereta una gesi ile ile ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huweza kutoka hata kwa jirani aliyeegesha karibu. Hakikisha king'ora cha gesi hiyo kimo garini na kinafanya kazi. Watu wawili wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, msisingizie bia. Tokeni nje mara moja, kisha mwite msaada.

Anayetumia insulini aiweke katika friji ya gari, si katika sehemu ya barafu, kwa sababu joto linalopita nyuzi 30 huiharibu. Anayemeza dawa ya presha inayoongeza mkojo amwone daktari wake kabla ya kusafiri. Usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, na ule chakula chenye chumvi ya kawaida. Pombe huongeza upotevu wa maji, kwa hiyo isiwe badala yake.

Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzimia katika joto, hiyo si hali ya kungojea. Piga simu 911, mpeleke kivulini, mmwagie maji na kumpepea hadi wahudumu wafike. Usimlazimishe kunywa kama hana fahamu kamili.

Masikio nayo yasisahaulike. Sauti ya desibeli 85 inaweza kuvumiliwa kwa saa nane, lakini kwenye desibeli 100, ambazo si ajabu karibu na spika, dakika 15 zatosha kwa siku. Nunua vizibo vya masikio. Ni vya bei ndogo, na uwezo wa kusikia ukipotea kwa njia hii haurudi.

Mwisho, kalamu na karatasi. Andika tarehe utakayotua, tarehe ya kila wikendi, na tarehe unayopaswa kurudi kazini. Acha angalau siku mbili za kupumzika kati ya usiku wa mwisho wa tamasha na safari ya ndege. Kisha iulize kampuni yako ya bima kama itakulipia matibabu huko, kwa maana gharama za hospitali za Marekani ni kubwa mno. Kama hesabu ya siku haikubali wikendi yoyote kati ya hizo mbili, mwambie mwenyeji wako mwende mwaka unaofuata.